Wateja walidai hela zao: je, Spider-Man ya 2012 ni picha mbovu?

"Shikamoo mwalimu. Nina banda la video hapa Nkuhungu, Dodoma. Jumamosi iliyopita niliandika ubaoni SPIDER-MAN MPYA, nikaweka The Amazing Spider-Man ya 2012, nakala iliyotafsiriwa na DJ. Hata saa moja haijaisha vijana wakaanza kelele: mbona anang'atwa tena na buibui, mbona mjomba anakufa tena, Mary Jane yuko wapi, utando mbona unatoka kwenye kifaa cha mkononi? Wanne walitaka niwarudishie mia tano zao. Mmoja akasema Wazungu wameishiwa hadithi. Mimi niliipenda ila sikuweza kuitetea, na mwisho wake ulinikera bila kujua kwa nini. Je, picha ni mbovu au sisi ndio hatukuielewa? Nikitaka kuirudia, niiweke vipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako ni mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja: moja la ubao wako, jingine la picha yenyewe. Nayatenganisha, maana vijana wako walikuwa na haki ya kukasirika, ila walimkasirikia asiyehusika.

Neno MPYA ndilo lililokuponza. Mteja wa banda akiliona pembeni ya jina analolijua, anaelewa mwendelezo: Tobey Maguire, steringi wa zile tatu za kwanza, yuleyule, demu wake yuleyule, adui mwingine. Wewe ukawawekea picha ya kuanza upya. Maana yake studio imefuta yote yaliyotangulia, imeleta steringi mwingine na kuanza kuhesabu kutoka moja. Peter Parker (ndilo jina halisi la Spider-Man) wa Andrew Garfield hajawahi kukutana na adui Green Goblin na hana habari na Mary Jane, demu wa Maguire. Kwa mtu aliyekuja kujua yaliyompata Maguire baada ya ile ya 2007, kuona buibui akimng'ata mtoto upya ni sawa na kurudishwa darasa la kwanza ilhali mtihani wa darasa la saba ameshaufanya.

Sasa hili la Wazungu kuishiwa hadithi. Hadithi zipo tele. Kilichowakimbiza ni mkataba, na kwa mkazi wa Dodoma hili halina ugumu kulieleza. Unajua mtu anavyopewa kiwanja chenye sharti la kukiendeleza, akikiacha pori muda ukapita anaweza kunyang'anywa. Haki za Spider-Man kwenye sinema ziko hivyo. Marvel, wenye mhusika, waliwapa Sony haki hizo mwaka 1999, na Sony wanabaki nazo ilimradi waendelee kutengeneza picha ndani ya muda uliowekwa. Sam Raimi aliongoza tatu: ya 2002, ya 2004 na ya 2007. Ya nne ilipangwa kutoka 2011, lakini Januari 2010 mpango ulivunjika, na studio ikatangaza palepale kwamba itaanza upya na sura nyingine. Ndiyo maana miaka mitano tu baada ya Maguire kuaga, Garfield akawa ananing'inia kwenye maghorofa yaleyale ya New York. Kama unadhani natia chumvi juu ya hofu ya kunyang'anywa, mwaka 1994 ilitengenezwa picha ya Fantastic Four kwa bajeti ya kama dola milioni moja tu, ili haki zisimtoke aliyezishika, na mpaka leo haijawahi kutolewa rasmi.

Kuhusu utando, waambie vijana wako kwamba wanatetea mabadiliko wakidhani ndiyo asili. Spider-Man alizaliwa kwenye kitabu cha katuni cha Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko, na humo Peter alijitengenezea mwenyewe vifaa vya kurushia utando. Ni Raimi aliyeutoa kwenye nyama ya mkono. Picha ya 2012 imerudi kwenye katuni, na imefanya hivyo kwa sababu nzuri: unamwona kijana chumbani kwake akichukua uzi imara uliotengenezwa na kampuni ya Oscorp na kuuingiza kwenye kifaa alichokiunda mwenyewe. Huyu ni fundi kabla hajawa shujaa. Na Gwen Stacy, demu wa Peter kwenye picha hii, si mchepuko aliyepora nafasi ya Mary Jane. Kwenye katuni Gwen aliingia mwaka 1965, na sura ya Mary Jane ikaonekana waziwazi mwaka uliofuata.

Jambo dogo la tafsiri, ila lina uzito. DJ wengi humwita Ben "mjomba" kwa sababu neno la Kiingereza ni moja kwa ndugu wa upande wowote. Lakini Ben ni ndugu wa baba yake Peter. Kwetu huyo ni baba mkubwa, na baba mkubwa aliyekulea toka utotoni ni baba yako kamili, hakuna atakayeuliza. Ukiisikia picha kwa neno hilo, mzigo alionao Peter kifuani unabadilika. Amempoteza baba kwa mara ya pili.

Nikija kwenye picha yenyewe, mimi huipima picha ya kuanza upya kama ninavyoupima mkopo. Picha yoyote hukopa. Ikikuonesha begi la siri imekukopa subira, na inatakiwa ilipe kabla taa hazijawashwa. Hii ya kuanza upya hukopa mara mbili, kwa sababu mtazamaji anaujua mwanzo tayari. Anatoa karibu saa nzima akiambiwa asichohitaji kuambiwa, akitegemea kwamba mwisho wa siku atapewa kitu ambacho yule wa kwanza hakumpa. Asipopewa, anadai mia tano yake, kama walivyofanya wale wanne.

Je, picha hii inalipa? Kwa upande mmoja inalipa vizuri kabisa. Studio ilimpa kazi Marc Webb, mwongozaji aliyekuwa ametoka kwenye vichekesho vya mapenzi, si mtu wa mapigano. Inaonekana. Garfield na Emma Stone, ndiye Gwen, wakikaa pamoja, hata ukuta unaona haya. Tazama wanavyozungumza kwenye korido ya shule: mmoja anaanza sentensi, anaiacha, mwingine anaiokota nusu, wote wanacheka kwa kukosa la kusema, miadi inawekwa bila yeyote kutaja miadi. Au kwenye roshani ya kwao Gwen, baada ya chakula cha usiku kilichoharibika kwa ubishi na baba yake, Kapteni Stacy wa polisi. Peter anataka kusema "mimi ndiye yule mwenye kinyago", maneno hayatoki. Gwen anageuka kuondoka. Peter anarusha utando, unamnasa mgongoni, anamvuta. Maelezo yamekwisha, na hakuna aliyehutubia.

Hapo ndipo nakala ya DJ ilipokunyang'anya picha. Sitaki uwadharau watafsiri, wameinua sinema nchi hii kuliko tunavyowapa sifa, na kwenye picha ya mapigano DJ mzuri huongeza utamu. Lakini DJ analipwa kusema, na picha hii uzuri wake uko kwenye kunyamaza. Kila pale Garfield anapomeza mate, DJ anajaza pengo kwa mzaha. Sauti ya asili inashushwa na muziki wa James Horner unazama nayo. Vijana wako walitazama mapenzi yaliyofunikwa na blanketi.

Nguvu ya pili iko darajani, na hii ndiyo ya kuwatetea nayo ukibanwa. Mjusi, ndiye Daktari Connors aliyejidunga dawa ya kuotesha mkono wake uliokatika, anayatupa magari nje ya daraja la Williamsburg. Peter anayadaka kwa utando, yananing'inia juu ya maji kama mishikaki. Kwenye moja kuna mtoto, na gari linaanza kushika moto. Mtoto ameganda kwa woga, hasogei. Peter anavua kinyago, anamwonesha sura yake ili ajue kuwa huyu ni mtu wa kawaida tu, kisha anamrushia kile kinyago: kivae, kitakupa nguvu. Mtoto anavaa, anaanza kupanda kutoka kwenye kiti cha nyuma, taratibu, gari likilia kila anaposogea. Linakatika, na Peter anamdaka kwa utando hewani. Baba wa mtoto anauliza, wewe ni nani? Kwa mara ya kwanza kijana anajitaja: Spider-Man.

Angalia kilichofanyika hapo. Kabla ya daraja, Peter alikuwa anazunguka usiku akimtafuta mwizi aliyemuua Ben, mwenye chale ya nyota mkononi, akiwapiga wanaofanana naye. Kapteni Stacy amemwambia mezani, bila kujua anaongea na nani, kwamba yule mwenye kinyago anaonekana ana kisasi chake binafsi. Darajani anapata nafasi ya kumfukuza Mjusi na anaiacha kwa ajili ya mtoto mmoja. Ile kauli maarufu ya nguvu kubwa na wajibu mkubwa haitamkwi popote kwenye picha hii kama ilivyozoeleka, Ben anaizunguka kwa maneno mengi, ila daraja linaionesha. Na deni hilo linalipwa: baba wa mtoto ni msimamizi wa mafundi wa ujenzi, na karibu na mwisho, Peter akiwa ameumia, anawapanga wenzake wageuze kreni zao barabara nzima ili apate pa kurushia utando. Wapo wanaoliona tukio hilo la kreni kuwa la kitoto. Mimi naliona limetimiza ahadi, na kwenye picha hii ahadi zilizotimizwa hazizidi vidole vya mkono.

Nguvu nyingine niitaje kwa kifupi: mwili. Webb na mafundi wake wa michezo ya hatari walimrusha mtu halisi kwenye nyaya pale ilipowezekana badala ya kuchora kila kitu kwa kompyuta, na Garfield mwenyewe ana mwili mwembamba unaojikunja kama buibui kweli. Ukisimamisha picha akiwa amejibanza pembeni ya ukuta utaiona michoro ya Ditko.

Madeni sasa. Uliniambia mwisho ulikukera bila kujua kwa nini, nami nadhani najua. Kapteni Stacy anakufa juu ya jengo la Oscorp, na pumzi zake za mwisho anazitumia kumwapisha Peter amwache Gwen nje ya mambo haya. Peter anaitika. Baada ya maziko anamkwepa binti hata mlangoni kwake, na Gwen anang'amua mwenyewe kwamba baba yake ndiye aliyemwapisha. Linauma sana tukio lile. Halafu dakika chache mbele, Peter anaingia darasani kachelewa, mwalimu anamwambia asitoe ahadi asizoweza kutimiza, naye anamnong'oneza Gwen kwamba ahadi za namna hiyo ndizo tamu kuliko zote. Gwen anatabasamu, tunaenda nyumbani. Kwetu kuvunja kiapo ulichomlia marehemu si jambo la kutabasamiwa, na ndicho kilichokukera. Lakini hata ukiacha mila pembeni, ni kosa la ufundi: kifo kimekopwa ili tulie, kisha kimefutwa kwa mzaha mmoja. (Kama hujaitazama ya 2014, mwendelezo wa hii, ruka sentensi inayofuata.) Kiapo kile kinakuja kudaiwa kwa riba kwenye picha ya pili, Gwen anapokufa, na banda lililozoea kwamba steringi na wake hawafi litanyamaza kimya kabisa.

Deni la wazazi ni baya zaidi. Picha inafunguka kwa Peter mdogo akicheza kujificha, anakuta ofisi ya baba imepekuliwa, usiku huohuo anaachwa kwa Ben na mkewe May. Matangazo yaliahidi kisa ambacho hakijawahi kusimuliwa. Kwenye trela kuna sauti inayomuuliza Peter kama anadhani yaliyomtokea ni bahati mbaya. Swali hilo limekatwa, kwenye picha halimo. Kilichobaki ni begi, hesabu ambayo Peter anampelekea Connors, na kipande kidogo katikati ya majina ya mwisho ambapo mtu kivulini anauliza kama kijana ameambiwa ukweli kuhusu baba yake. Yaani picha inamwambia mdai wake, nenda kamwone mdogo wangu. Mdogo wake, ile ya 2014, akalipa kwa mkanda wa video uliofichwa kwenye behewa chini ya ardhi, wakati wadai wengi walishakata tamaa.

Na muuaji wa Ben? Hakamatwi, hatajwi tena. Ningeweza kukubali kwamba daraja limemponya Peter kisasi, na nadhani waandishi walikusudia hivyo, ila walipaswa kutupa hata sekunde kumi za kuliona hilo: karatasi yenye picha ya muuaji ikishushwa ukutani, basi. Bosi mmoja wa Oscorp aliyeigizwa na Irrfan Khan, aliyemsukuma Connors dawa ijaribiwe kwa wagonjwa, tunamwacha darajani kwenye gari na hatumwoni tena. Ukikuta watu wawili au watatu wanatoweka kwenye picha moja, jua mkasi ulipita usiku wa mwisho.

Mjusi mwenyewe ni nusu. Connors kama binadamu anaeleweka: amekatika mkono, anataka uote. Akishageuka anataka jiji zima liwe mijusi, na kati ya tamaa ya kwanza na ya pili hakuna ngazi, ni kuruka tu. Sura aliyochorewa na kompyuta nayo haitishi kama ilivyopaswa.

Kwa hiyo kumjibu yule anayesema ni mbovu: ni picha mbili zilizoshonwa pamoja, ya mapenzi iliyo nzuri kwelikweli na ya upelelezi ambayo haikumalizika. Kibiashara haikuanguka. Iligharimu kama dola milioni 230 kuitengeneza na ikaingiza kama milioni 758 duniani, ingawa ya 2007 ilikuwa imefika karibu milioni 895. Ile ya 2014 ikashuka hadi kama 709, na Februari 2015 Sony wakakubaliana na Marvel kushirikiana. Tom Holland, Spider-Man wa tatu, akaonekana mwaka uliofuata.

Ukitaka kuwaonesha wateja kuwa kosa halikuwa kuanza upya, walinganishe na Batman Begins ya 2005. Nayo ilianza upya, miaka minane baada ya Batman & Robin ya 1997, lakini hakuna picha kubwa kabla yake iliyokuwa imekaa chini kusimulia Bruce Wayne alivyofundishwa akawa popo, kwa hiyo saa ya kwanza haikuwa marudio. Man of Steel ya 2013 ilikuwa na tatizo la mwanzo unaojulikana, ikauvunja vipande na kuutawanya kama kumbukumbu. Spider-Man: Homecoming ya 2017 ikaruka kung'atwa na kifo cha Ben moja kwa moja, ikijua kwamba hata mtoto wa chekechea anavijua. The Batman ya 2022 vilevile haikutuonesha wazazi wakiuawa. Studio zilijifunza, na nadhani 2012 ilikuwa sehemu ya ada ya shule.

Sasa banda lako. Usiiweke mchana. Sehemu kubwa ya picha hii ni usiku, na jua la Dodoma likipita kwenye matundu ya mabati utaona kioo cheusi chenye macho mawili. Iweke baada ya magharibi, ziba matundu yanayopitisha mwanga kwa turubai, na kwenye mipangilio ya runinga chagua hali ya sinema, kisha pandisha mwanga kidogo tu. Ukiupandisha sana weusi unageuka kijivu na Mjusi anazidi kuonekana wa plastiki. Kama una nakala ya sauti halisi, tumia hiyo, na wewe mwenyewe simama mbele dakika mbili kabla ya kuanza ueleze: huyu ni Peter mwingine, Mary Jane hayumo, Ben ni baba mkubwa. Ukilazimika kutumia ya DJ, walau onesha roshani na daraja kwa sauti ya asili. Ina saa mbili na dakika 16, kwa hiyo usiipachike kabla ya mechi ukitegemea itawahi kwisha. Mpangilio bora ni ya 2012 Ijumaa na ya 2014 Jumamosi, madeni yalipwe wakati bado yana joto. Ukiwa na Spider-Man: No Way Home ya 2021, iweke Jumapili, maana Garfield anarudi humo na kuna tukio la kumdaka mtu anayeanguka ambalo halina maana kwa asiyeona ya 2014.

Wale wanne usiwarudishie hela, waingize bure Jumamosi.

Kuna jambo moja ambalo mimi siwezi kulimaliza kwa maandishi. Kuonesha picha kwa malipo kunahitaji kibali cha ukumbi na picha iliyopangiwa daraja la umri chini ya sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu, na nakala za mtaani zina mgogoro wake wa hakimiliki. Fika ofisi za Jiji, muulize afisa utamaduni, nenda na maelezo ya banda na orodha ya picha unazoonesha. Muulize pia kuhusu watoto: Marekani picha hii ilipewa alama ya tahadhari kwa walio chini ya miaka 13, na kugeuka kwa Connors kunatisha kweli kwa mtoto wa miaka sita aliyekaa mkekani mbele ya spika.

Na ubaoni, futa MPYA. Andika: SPIDER-MAN MWINGINE, ANAANZA MWANZO. ANA DEMU MKALI, BABA MKWE POLISI.